Mahakama Hii Haina Mamlaka

Machi 3

Mvua imeanza. Ayo, mama yangu, amenipigia simu kutoka Mbulumbulu kunitangazia, utadhani sisi wa Karatu mjini tuna mbingu yetu. Mbegu ya maharage yote iko ardhini, anasema, na kama mwanawe bado ana mikono ailete wakati wa palizi. Nimemkumbusha kwamba mimi ni wakili. Amejibu, "Najua. Ndiyo maana nimeuliza kama bado unayo."

Machi 5

Mama Nasrin amenijia mbio, kanga begani, duka kaliacha wazi. Ofisi yangu ni chumba cha nyuma ya duka lake la nguo, kwa hiyo mbio zenyewe si ndefu, ila kwa mwili wake ni safari na nusu. "Wakili, toka! Wamemkamata mteja wangu hata chenji hajapokea!"

Mteja ni kijana wa Kimasai aliyeingia kununua kaniki. Vijana wao wakishatahiriwa huvaa nyeusi mpaka wapone, na kichwani hujifunga taji la manyoya. Watalii wanaopanda kwenda kreta huwapiga picha barabarani kila siku. Huyu yeye alishapona zamani, amevaa shuka jekundu. Kaniki ilikuwa ya wadogo zake watakaotahiriwa msimu huu, na mfukoni alikuwa amewabebea furushi la manyoya ya mbuni. Manyoya yakachungulia nje. Askari wa wanyamapori walikuwa wanakunywa chai kibanda cha jirani. Nilipofika barabarani kijana ameshakalishwa nyuma ya gari lao, mgongo umenyooka kama bwana harusi, na Mama Nasrin anafukuza gari na noti mkononi.

Anaitwa Melubo. Anatoka Kakesio, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Nimefungua sheria ingawa naijua. Manyoya ya mbuni bila kibali ni nyara za Serikali. Sheria haihesabu unyoya, inahesabu mbuni mzima, na thamani ya mbuni mzima inavuka ule mstari ambao ukishauvuka kifungo ni miaka isiyopungua ishirini. Hakimu anaweza kupanda kutoka hapo. Kushuka hawezi, hata akitaka, hata akilia machozi.

Machi 6

Kesi imesomwa. Nimejitolea kumtetea, kwa sababu Mama Nasrin ameapa hatanisalimia tena nisipofanya hivyo.

Hakimu ni Mheshimiwa Vedasto, mtu wa Bukoba, mrefu, mkavu, hacheki. Kosa hili huhesabiwa uhujumu uchumi, na mahakama ya wilaya haiwezi kuligusa mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali chake. Kwa hiyo alisema yale yanayosemwa siku zote: "Mshtakiwa, mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri lako kwa sasa. Usijibu chochote." Kisha akampeleka rumande. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, na leo ndiyo kwanza nimesikia jinsi ilivyo ya ajabu. Huna mamlaka naye, lakini unamfungia.

Melubo alitaka kujibu. Alishafungua kinywa. Askari akamgusa bega.

Kwenye hati ya mashtaka umri wake umeandikwa miaka ishirini. Nimemtazama shingo, nikatazama viwiko. Sijui kwa nini nilitazama viwiko.

Machi 8

Nimekwenda kumwona rumande. Kwa Wamasai mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja juu yake. Ndiyo shikamoo yao. Mimi nina umri wa kutosha kuwekewa kichwa mbele na vijana wengi. Huyu alinipa mkono, akaukaza kama anayenunua ng'ombe.

Kiswahili chake ni cha darasa la nne, kinatosha. Manyoya aliyaokota yeye na wenzake wa rika mbugani. Amekabidhiwa ayafikishe. "Nikiulizwa nitasema ni yangu," akasema. "Ni kweli ni yangu. Kwa nini nidanganye?"

Nikamweleza miaka ishirini. Akanitazama kama mtu anayesimuliwa habari za Ulaya.

"Melubo, una miaka mingapi? Ya kweli."

"Ishirini. Mimi nimetahiriwa."

Hayo yalikuwa majibu mawili, lakini kwake ni moja.

Machi 10

Dhamana imeshindikana. Wanataka wadhamini wenye mali isiyohamishika na hati yake. Kakesio iko ndani ya Hifadhi, na huko hakuna mwenye hati ya ardhi hata mmoja. Wana ng'ombe. Mali yao inahama, hiyo ndiyo kazi yake.

Machi 20

Kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Nilijaribu kusema kwamba mtu ni wa wilaya ya Ngorongoro, manyoya ni ya Ngorongoro, sasa Karatu inamtafutia nini? Fabian, wakili wa Serikali, alisimama akasema kwa upole kwamba alikamatwa mlangoni pa duka Karatu, akaketi. Ana haki. Namchukia mtu mwenye haki na upole kwa pamoja.

Machi 22

Palizi Mbulumbulu. Tope linapanda na jembe. Ayo ana miaka sabini na kitu na ameniacha nyuma mistari miwili.

Nilimsimulia kesi yangu. Akasimama, akajiegemeza kwenye mpini, kama Mmbulu yeyote wa rika lake akisikia jina la Mmasai. "Yaani nimeuza mbuzi ukasome, ukamtetee mjukuu wa waliobeba ng'ombe wa babu yako."

"Ayo, huyo hajabeba ng'ombe. Kabeba manyoya."

"Wanaanza na manyoya," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Baadaye, tukila makande, akaniuliza kama huko rumande wanawapa blanketi. Mvua ikinyesha, usiku wa Karatu una baridi ya kung'ata.

Aprili 3

Kutajwa. "Mahakama hii haina mamlaka. Usijibu chochote." Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa hata hakimu akalazimika kurudia. Wenzake Melubo wa rika walijaza benchi la nyuma, mashuka yanavuja maji sakafuni. Huja kila tarehe. Wakimwona, wanatoa mlio mdogo wa kooni, naye ananyoosha mgongo zaidi.

Leo alikuja pia mama yake. Naishorua ni mwanamke mwembamba, masikio yamelemewa na shanga. Alisimama mlangoni mwanawe alipokuwa anatolewa. Melubo alipita akiangalia mbele.

Aprili 4

Naishorua amelala kwa Mama Nasrin. Asubuhi tumekaa dukani watatu, nyuma ya majora ya vitambaa. Amekuja na maziwa ya kibuyu, na Mama Nasrin, ambaye maziwa ya kibuyu humtoa jasho, amekunywa kikombe kizima kwa heshima ya mgeni.

Niliuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, nikimwita mama kwa Kimasai: "Yeyo, Melubo alizaliwa lini?"

"Ule mwaka ng'ombe walikufa wote," akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Nilikuwa nimembeba mgongoni, bado ananyonya. Maziwa yakakauka kwangu na kwa ng'ombe siku moja."

Ukame ule hata Ayo anaukumbuka. Ilikuwa 2009, miaka kumi na sita iliyopita. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa chekechea, nikahesabu tena. Melubo hajafika miaka kumi na saba.

Nikawaeleza polepole. Aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto mbele ya sheria. Hakimu Vedasto hana mamlaka juu yake, sasa wala baadaye, kibali kije au kisije. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, na huko mtoto hafungwi gerezani hata kwa siku moja. Ile miaka ishirini haimfikii. Kinachotakiwa ni mama mzazi asimame aseme alimzaa lini.

Mama Nasrin alishaanza kusema alhamdulillahi. Naishorua aliinama. Alikunja shuka lake, akalikunjua.

"Mbele ya wale wenzake?" akauliza. "Niseme mwanangu ni layoni?"

Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Nikamwambia sheria haitumii neno hilo. Akasema sheria haiishi Kakesio.

Aprili 10

Leo nimekaa mahakamani kusubiri kesi nyingine, nikaona ile nisiyotaka kuiona. Dickson, mkulima wa kwetu Mbulumbulu, shamba lake linapakana na msitu. Alikutwa na nyama ya pongo, swala wa msituni, jikoni. Hakuwa na wakili. Alikiri. Akaomba ahurumiwe kwa kuwa ana watoto na mama mzee.

Mheshimiwa Vedasto alisema, "Mahakama imesikia maombi yako. Sheria haikuacha nafasi." Akasoma miaka ishirini kwa sauti ileile anayosomea tarehe ya kuahirisha. Akafunga faili, akaita linalofuata.

Dickson hakuelewa mara moja. Alimuuliza karani kama anaweza kwenda kufungua mbuzi kwanza.

Nimerudi ofisini nimekasirika hata Mama Nasrin hakunitania. Najua sheria hii ilitungwa kwa nini. Tembo waliuawa kwa mamia, watu wakatajirika, na mahakimu wengine walikuwa wanawatoza faini ya kuku. Bunge likasema basi, hatuwaamini tena. Lakini sheria iliyotungwa ikimtazama jangili wa tembo imemkuta Dickson na sufuria. Katiba inasema mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika kutoa haki. Leo nimeona mahakama ikitoa kauli iliyoandikwa na mtu mwingine, na yule mtu wa Bukoba hata jasho halikumtoka.

Aprili 17

Kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Mvua.

Aprili 21

Jumatatu ya Pasaka. Nikitoka kwa Ayo nilikuta gari limezama tope hadi milango, na anayesukuma, suruali imekunjwa, viatu mkononi, ni Mheshimiwa Vedasto. Alikwenda kumsalimia padre wa kwao. Nilifikiria kupita. Kisha Ayo, aliyekuwa ananisindikiza, akaita majirani, na huwezi kumwacha mtu kwenye tope mbele ya mama yako.

Gari lilipotoka tulikuwa sote wekundu. Akasema, "Wakili, kesi yako iliyo mbele yangu hatutaizungumza."

"Sina nia, Mheshimiwa."

Akajifuta mikono kwa majani muda mrefu. Kisha akauliza, "Yule Dickson ni wa huku. Mtoto wake yule mdogo aliyekuwa mahakamani, mwenye kikohozi, anaendeleaje?"

Ayo akamjibu kwamba yuko kwa bibi yake, amepata dawa. Hakimu akaitikia kwa kichwa. Alivaa kiatu kimoja, akasimama nacho.

"Hilo limeshatoka mikononi mwangu, kwa hiyo naweza kusema. Watu wanadhani nimepima. Sijapima chochote. Gunia linaletwa mezani uzito umeshaandikwa, mimi napiga muhuri." Akavaa cha pili. "Hakimu hawezi kukata rufaa dhidi ya mikono yake mwenyewe, iliyofungwa. Wakili anaweza. Yuko wapi huyo wakili atakayekwenda Mahakama Kuu kuuliza kama Katiba inaruhusu nifungwe hivi?"

Akaondoka bila kwaheri. Ayo akasema, "Huyo mtu halali vizuri." Nimemchukia kwa siku kumi na moja na sasa sijui niiweke wapi ile chuki.

Aprili 25

Dickson alikwishatia dole gumba kwenye notisi ya rufaa huko gerezani. Nimeomba nakala ya mwenendo wa kesi yake. Mama Nasrin anauliza kama huyu naye ni wa bure. Nikamwambia ni jirani. Akasema Karatu nzima ni jirani, nitakufa njaa.

Mei 2

Kutajwa. Usijibu chochote.

Mei 15

Kutajwa asubuhi, halafu nimeongea na Melubo kabla gari la rumande halijaondoka. Nimemwambia nimejua umri wake, na nimejua kwa nani.

Sijawahi kuona uso ukijifunga haraka hivyo. "Mama amekosea."

"Mama hakosei siku aliyozaa."

"Siku ile ya kisu," akasema, na sasa sauti ilimpasuka, ikawa ya mtoto kabisa, akaisubiri irudi, "walisimama wote wananitazama jicho. Ningepepesa, wangempiga mama yangu. Wangesema umezaa mwoga. Sikupepesa. Maji ya baridi, kisu, sikupepesa. Leo wewe mama wa Kimbulu unataka nipepese mbele ya hakimu, na wao wamekaa palepale?"

"Nataka usikae gerezani hadi uwe mzee."

"Nikitoka nikiwa mzee, nitakuwa mzee mwanaume. Akija kusema hivyo nitamkana. Nitasema simjui."

Nilirudi kwa mguu, mvua ikininyeshea, sikufungua mwavuli. Mwanzoni nilimwona mjinga. Leo nimeona kwamba yeye anamlinda mama yake na mama anamlinda yeye, na kila mmoja akimlinda mwenzake vizuri, kijana atafungwa.

Mei 20

Nilifikiri kuomba mama asikilizwe faraghani, bila wale vijana. Lakini milango hufungwa kwa kesi ya mtoto, na ili awe mtoto lazima kwanza athibitishwe, na kuthibitishwa ni milango ikiwa wazi. Nimeuzunguka mduara huo siku nzima kama punda wa kinu.

Mei 24

Ukungu. Maharage yameanza kukauka mashambani. Ayo anasema mvua ikirudi sasa yataoza.

Mei 29

Kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kimefika. Mahakama sasa ina mamlaka. Juni 5 Melubo atasomewa mashtaka na ataulizwa kama ni kweli, na atasema ni kweli, ni yangu. Na mzee wa gunia atapiga muhuri.

Nimemtumia Naishorua ujumbe kwa lori la Endulen. Huko simu hukamata mlimani tu.

Juni 4

Amefika jioni, miguu imejaa vumbi. Hakukaa. Aliniuliza swali moja tu: "Nikisema, watamcheka nani?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, Yeyo," nikasema. "Wanaweza kumcheka yeye."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa Mama Nasrin kulala. Sijui atafanya nini kesho. Nimeiandika hoja yangu vizuri na haina thamani bila yeye.

Juni 5

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Baridi, ukungu umekaa hadi madirishani. Benchi la nyuma lilijaa mashuka mekundu. Melubo kizimbani, mgongo wima. Karani alishika hati ya mashtaka, nami nikasimama kabla hajafungua kinywa.

"Mheshimiwa, kabla mshtakiwa hajajibu, naomba mahakama ijiulize kama ina mamlaka juu ya mtu huyu. Si juu ya kosa. Juu yake yeye. Naamini hajatimiza miaka kumi na minane."

"Nina ishirini!" Melubo akapaza sauti kizimbani.

Mheshimiwa Vedasto akanitazama juu ya miwani. "Wakili, mteja wako anakupinga."

Watu wakacheka. Nyuma hawakucheka. "Sheria inaitaka mahakama ichunguze, Mheshimiwa, hata mwenyewe akikataa. Nina shahidi mmoja." Nikageuka kuutazama mlango, na kusema kweli nilikuwa naomba Mungu.

Naishorua akaja. Alipita katikati ya wale vijana bila kuwatazama, akapanda, akala kiapo kwa mkalimani. Akasema mwaka wa ng'ombe kufa. Akasema Melubo alikuwa mgongoni.

Fabian akasimama, mpole kama kawaida. "Mama, ukame Ngorongoro umekuwa mara nyingi. Utajuaje ni ule?"

Mkalimani akageuza. Naishorua akamtazama Fabian kwa huruma. "Wewe, siku ng'ombe wako wakifa wote, utasahau mwaka?"

"Sawa. Kwa mila zenu, kijana akitahiriwa amekuwa mtu mzima. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Huyu ametahiriwa?"

"Ametahiriwa."

"Kwa hiyo ni mtu mzima. Ndivyo mnavyomwita huko kwenu."

Nilimwona Melubo anavuta pumzi, ameshinda. Nikajua sina swali la kurudisha ambalo lingevunja hilo. Naishorua alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Aligeuka, si kwa hakimu wala kwa Fabian, akawaelekea wale wa benchi la nyuma, na akaanza kusema Kimasai kwa sauti ya zizini, mkalimani akimfuata nyuma.

"Baba yake alikufa. Boma langu halikuwa na mwanaume. Wazee walisema huyu bado, asubiri zamu ya wadogo zake. Mimi nilikwenda kwao na pombe, nikaomba, nikalia, wakakubali. Nikamsukuma mtoto wangu kwenye kisu pamoja na ninyi, na ninyi mlikuwa wakubwa. Si yeye aliyejifanya mkubwa. Mimi nilimfanya, kwa sababu nilihitaji mtu. Kama kuna fimbo, ni yangu." Akawanyooshea kidole. "Lakini ninyi mlikuwepo. Mlimtazama jicho. Mlikuwa wanaume mkikatwa, na yeye alikuwa mtoto. Nani kati yenu alimwona akipepesa?"

Mkalimani alimaliza. Kisha kutoka benchi la nyuma ukatoka ule mlio wa kooni, wa mmoja kwanza, halafu wote. Karani akasema kimya mahakamani. Hawakunyamaza mpaka walipotosheka.

Sikuwahi kuifikiria hivyo. Miezi miwili niliubeba ule umri kama aibu nitakayomvika Melubo ili nimwokoe. Mama yake alikuja akaupindua, ukawa sifa. Aliyesimama imara akiwa mwanaume kafanya la kawaida.

Fabian alibaki amesimama. "Sina swali zaidi, Mheshimiwa," akasema, na aliposema hivyo sikumchukia hata kidogo.

Mheshimiwa Vedasto aliandika muda mrefu. Kisha akasoma, polepole, akisubiri mkalimani. "Mila ina uwezo wa kumpa mtu uanaume siku inayotaka, na mahakama haina ugomvi nayo. Miaka ni jambo jingine. Namwamini mama. Mshtakiwa ni mtoto kwa mujibu wa sheria. Faili hili liende Mahakama ya Watoto, na wakati huo akae kwa mama yake." Akavua miwani. "Melubo, mahakama hii haina mamlaka juu yako."

Na Melubo, aliyeisikia sentensi hiyo tangu Machi, akageuka mwenyewe, akanyoosha mikono kwa askari wa magereza arudishwe rumande.

Askari hakuipokea. Ilibidi nimwendee nimwambie. Nilisema, "Umesikia vibaya. Safari hii maana yake nenda nyumbani." Hakuamini. Akamtazama hakimu, na yule mtu mkavu wa Bukoba, asiyecheka, akamwonyesha mlango kwa kalamu. Halafu akashika faili linalofuata na sikuona uso wake tena.

Nje, wenzake walimzunguka wakimgonga mabega. Naishorua alikaa pembeni, karibu na ua, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha na anasubiri tu usafiri. Melubo aliwatoka katikati. Akaja kwangu kwanza, akanipa mkono, akaukaza kama siku ile. Kisha akaenda kwa mama yake. Rika lake lote linatazama, na Mama Nasrin, na karani dirishani. Akainama. Kwa urefu wake ilibidi ainame sana, akamwekea kichwa mbele, akabaki hapo. Naishorua hakuharakisha. Aliweka kiganja juu ya zile mvi za vumbi la rumande na akakiacha.

Nimelia, naandika hivyo bila aibu. Mama Nasrin alilia zaidi, halafu akakumbuka, akampa chenji yake.

Juni 7

Idi. Mama Nasrin amenijazia bakuli la pilau, nikalipeleka Mbulumbulu kwa Ayo. Jua kavu. Tumeng'oa maharage tangu asubuhi, mashina yanakatika vizuri, Ayo ameridhika.

Nimemsimulia kila kitu. Amesikiliza akiwa ameinama, hakunitania babu wala ng'ombe. Nilipofika kwa Naishorua na benchi la nyuma, aliacha kung'oa.

"Na mama yake Dickson?" akasema. "Naye aende akaseme."

"Haisaidii, Ayo. Jumatatu napeleka rufaa yake Arusha, nitasema mambo ya Katiba, ya hakimu kufungwa mikono. Lakini mama yake hana la kusema pale. Dickson ana miaka arobaini na moja."

"Kwa nani?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Kwa mama yake ana mingapi?" Ayo akauliza tena, akaniongezea mstari mwingine wa kung'oa.